Mshindi ni Nani? Mwongozo wa Kusoma Karatasi ya Mbio Kabla Hujafunga Kamba za Viatu

Mwongozo huu ni wa kijana anayekimbia alfajiri kwenye barabara za vumbi za Bashay, Dongobesh au Katesh. Ni wa mzazi pia, yule anayeletewa simu na kuulizwa, "Baba, nisaini?"

Siku moja karatasi itaingia WhatsApp. Itakuwa mwaliko wa mbio, mkataba wa wakala au kanuni za zawadi, yote kwa Kiingereza, kurasa kadhaa, na neno "winner" limetapakaa humo. Kila aliyefika darasa la saba anajua kuwa ni mshindi, kwa hiyo macho yanaliruka na kukimbilia kwenye tarakimu za dola. Hapo ndipo hela inapoanza kupotea. Kwenye karatasi ya mbio, "winner" si lazima awe yule aliyekata utepe. Ni yule ambaye baada ya viatu kukaguliwa, mkojo kupimwa na namba ya kifuani kuhakikiwa, jina lake bado liko juu.

Kwa nini ujisumbue

Wazee wetu hawakuhitaji kusoma karatasi hizi. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alimaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, mguu umefungwa bandeji, na hadi leo anatajwa kuliko Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda siku ile. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, alishinda mita 1,500 za Jumuiya ya Madola kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. Riadha ya enzi hizo ilikuwa ya ridhaa, mtu anarudi na medali na heshima.

Leo mambo mengine. Gabriel Geay, naye kijana wa Mbulu, alikuwa wa pili kwenye Marathoni ya Boston mwaka 2023 kwa saa 2:06:04, nyuma ya Evans Chebet wa Kenya na mbele ya Eliud Kipchoge. Mwaka huo waandaaji walitenga dola 150,000 kwa wa kwanza na dola 75,000 kwa wa pili. Kwa kiasi hicho, sentensi moja ya Kiingereza uliyoiruka inaweza kukugharimu kuliko mavuno ya msimu mzima.

Maneno utakayoyakuta, na yanavyofanya kazi

Usiyakariri kama shairi. Chukua karatasi yako, tafuta kila neno, lipigie mstari, kisha uandike pembeni linakuhusu vipi.

*"Win" na "winner".* Tafuta sehemu inayoeleza mshindi anapatikanaje. Mara nyingi iko mwishoni, chini ya kichwa "rules" au "eligibility", yaani nani anastahili. Angalia pia kama karatasi inasema "the winner" au "a winner". Usicheke, herufi hizo zimewahi kuamua mbio. Mwaka 2008 huko San Francisco, mwalimu mmoja kutoka New York, Arien O'Connell, alikimbia marathoni ya wanawake ya Nike kwa 2:55:11, dakika kama 11 chini ya aliyetangazwa wa kwanza. Tatizo lake ni kwamba alianza na umati, dakika 20 baada ya kundi la wakimbiaji bingwa kuondoka. Waandaaji walisema hawezi kuwa mshindi. Kelele zilipozidi wakampa tuzo na kumtambua kama "a winner", mmoja wa washindi, huku "the winner", mshindi mwenyewe, akibaki yule yule wa kwanza.

*"Elite start".* Ni mstari wa mbele, wa wakimbiaji walioalikwa au kusajiliwa kushindania zawadi. Kisa cha O'Connell kinakufundisha swali la kwanza la kuuliza: zawadi ni kwa wanaoanzia hapo tu? Kama jibu ni ndiyo, pambana usajiliwe huko mapema. Siku ya mbio hutasikilizwa.

*"Gun time" na "chip time".* Ya kwanza huhesabiwa tangu bunduki ilie. Ya pili huhesabiwa tangu chipu yako ivuke mstari wa kuanzia. Kwa zawadi za juu, kanuni za riadha hufuata mpangilio wa kuvuka mstari wa mwisho, basi. Ukianza nyuma ya watu elfu mbili, chipu itakupa muda mzuri wa kuonyesha rafiki zako, lakini nafasi yako itabaki ile uliyofika nayo.

*"Course record" na "bonus".* Hii ni hela ya ziada kwa kuvunja rekodi ya njia hiyo au kumaliza chini ya muda fulani. Soma kwa makini, maana bonasi nyingine hupewa wa kwanza peke yake hata kama wa pili naye amevunja rekodi. Rekodi ya njia pia si rekodi ya dunia. Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia Boston 2011 kwa 2:03:02, kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia wakati huo, na haikuhesabiwa rekodi ya dunia kwa sababu njia ya Boston inateremka kupita kiasi na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo.

*"Appearance fee".* Ni malipo ya kufika na kuanza mbio, ushinde usishinde. Mwanariadha mchanga mara nyingi hapewi. Ila kama wakala amepewa kwa jina lako, una haki ya kujua ni kiasi gani.

*"Gross" na "net".* "Gross" ni kabla ya makato, "net" ni kilichobaki baada yake. Nimeyawekea kisanduku peke yake hapa chini.

*"Subject to".* Ukiyaona maneno haya mawili, simama. Maana yake ni kwamba ahadi iliyotangulia haipo mpaka sharti linalofuata litimie. "Prize money is paid subject to doping control" ni kusema hulipwi mpaka majibu ya vipimo yarudi safi. Hiyo inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo usikope kwa kutegemea hela uliyoiona ubaoni siku ya mbio.

> KISANDUKU: NENO MOJA, DOLA 3,375
>
> Chukulia umeshika nafasi yenye zawadi ya dola 75,000 nchini Marekani. Kwa kawaida mgeni hukatwa kodi ya asilimia 30 palepale, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza.
>
> Zawadi: 75,000
> Kodi: 22,500
> Inabaki: 52,500
>
> *Mkataba ukisema wakala anachukua asilimia 15 ya "gross":* anapata 11,250. Wewe unabaki na 41,250.
>
> *Ukisema asilimia 15 ya "net":* anapata 7,875. Wewe unabaki na 44,625.
>
> Bado hujatoa sehemu ya kocha, nauli na kambi. Dai nakala ya fomu 1042-S, inayoonyesha kodi uliyokatwa Marekani, na uende nayo ofisi ya TRA. Mkazi wa Tanzania huhesabiwa kodi kwa mapato ya nje pia, na hiyo fomu ndiyo ushahidi kwamba umeshalipa kule.

Asilimia 15 kwa wakala ndiyo iliyozoeleka kwenye mbio za barabarani. Anayetaka 30 akueleze anakufanyia nini cha zaidi. Na ukisikia "usijali, tutaelewana baadaye", jua hapo hakuna mkataba. Mkulima wa vitunguu saumu hamwachii dalali gunia bila kuona mizani, na miguu yako nayo ina mizani yake.

Karatasi ikishafika: fanya hivi

1. Usijibu siku hiyo hiyo. Karatasi ya kweli huvumilia siku mbili tatu. Anayekuambia nafasi inafungwa jioni ana haraka zake mwenyewe.

2. Ichape. Kusoma mkataba kwenye kioo cha simu ni kujidanganya. Nenda stesheneri, toa nakala mbili.

3. Mtafute mwalimu wa Kiingereza wa sekondari iliyo karibu. Mwombe akusomee sentensi kwa sentensi, si kukupa muhtasari. Muhtasari ndio unaoacha maneno kama "subject to".

4. Hakikisha mbio zipo. Tafuta tovuti yao mwenyewe, si kiungo ulichotumiwa, na utumie anwani iliyo huko kuuliza kama kweli wamekualika.

5. Muulize wakala kuhusu idhini yake. Mawakala wa wanariadha husajiliwa chini ya utaratibu wa World Athletics, shirikisho la riadha la dunia. Jina lake lipeleke Riadha Tanzania, au anza na afisa michezo wa wilaya akuelekeze. Huko RT ndiko pia kunakotoka kibali cha kukimbia nje.

6. Hela iingie akaunti yenye jina lako. Hapa sikubali mjadala. Hata kama wakala ni mjomba.

7. Saini kila ukurasa, ubaki na nakala yenye saini za pande zote. Mpe mzazi nakala nyingine aihifadhi na hati ya shamba.

*Tahadhari:* wapo wanaotuma ujumbe kwamba umepata nafasi ya mbio Ulaya au Marekani, tuma laki kadhaa za viza kwenye namba fulani. Viza huombwa kwenye utaratibu wa ubalozi, na ada hulipwa huko. Ujumbe wa namna hiyo usibishane nao. Usambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha uufute.

Mambo yanayomwondoa mshindi kwenye ushindi

Sehemu hii isome mara mbili, maana humu ndimo vijana wenye kasi wanamoangukia.

*Viatu.* Septemba 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho kwenye marathoni ya Vienna kwa 2:09:22. Muda mfupi baadaye akaondolewa. Soli za viatu vyake zilikuwa na unene wa sentimita 5, na kanuni kwa mbio za barabarani inaruhusu 4 tu. Leonard Langat wa Kenya akapewa ushindi. Hurisa alivaa viatu hivyo mbele ya kamera za dunia. Kwa hiyo ukinunua viatu vya mtumba Arusha au ukipewa na rafiki aliyerudi kambini, andika jina kamili la kiatu, litafute kwenye orodha ya World Athletics ya viatu vilivyoruhusiwa, na siku ya usajili muulize ofisa: "Are these shoes allowed?"

*Dawa.* Mwaka 2021 Boston, aliyekata utepe upande wa wanawake alikuwa Diana Kipyokei wa Kenya. Mwaka uliofuata matokeo yake yakafutwa na ushindi ukaenda kwa Edna Kiplagat. Kilichokutwa mwilini ni triamcinolone, dawa ya jamii ya steroidi ambayo mahospitalini hutumika kutibu uvimbe na maumivu ya viungo. Kanuni haiulizi nani alikupa. Kilichomo mwilini mwako ni chako. Kwa hiyo:

- Kabla ya sindano yoyote ya goti au mgongo, mwambie daktari kwamba wewe ni mwanariadha unayepimwa, na muulize dawa hiyo iko kwenye orodha ya WADA ya dawa zilizopigwa marufuku au la.
- Dawa za mafua za dukani, hasa zenye pseudoephedrine, usizimeze karibu na siku ya mbio.
- Kama matibabu hayana mbadala, kuna kibali maalumu cha kutumia dawa kwa sababu ya ugonjwa. Kinaombwa mapema, kwa maandishi ya daktari.
- Mizizi na unga wa "kuongeza pumzi" unaouzwa kambini, achana nao. Hata muuzaji hajui kilichomo.
- Tunza pakiti na risiti za kila dawa.

*Bodaboda ya rafiki.* Hili ni letu kabisa. Kwenye mbio za hapa nyumbani utamwona mtu anakimbia, na pembeni kuna pikipiki ya ndugu yake, chupa ya maji mkononi, anampigia kelele "sukuma, sukuma!" Kwa kanuni ni makosa mawili: kupokea kinywaji nje ya meza zilizowekwa, na kusindikizwa na mtu asiyekuwemo kwenye mbio. Ndugu yako akusubiri mwisho, na blanketi.

*Namba ya kifuani.* Usiikunje ili iwe ndogo, usiikate, usibadilishane na mwenzako aliyeumwa. Chipu mara nyingi imebandikwa nyuma ya namba hiyo, na ukiikunja inaweza isisomeke. Geuza namba uangalie upande wa pili: kuna mistari ya kuandika jina, mtu wa kupigiwa simu na ugonjwa ulio nao. Ijaze kwa kalamu ya wino, wapo wanaoiacha tupu halafu wanazimia kilomita ya 35.

*Kifua kwenye mstari.* Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa muda ule ule wa 2:09:48. Picha ya mstari ilionyesha Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya riadha. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili, si mkono, kichwa wala mguu. Kwa hiyo usipunguze mwendo kunyoosha mikono hewani kabla ya kuvuka. Jizoeze mbio fupi za mwisho mkiwa wawili, mkiinamisha kifua mstarini. Mashindano ya dunia hulipa dola 70,000 kwa dhahabu na 35,000 kwa fedha, yaani nusu yake.

Ukiona umedhulumiwa

Usipige kelele wala kususa jukwaani. Kanuni za World Athletics hutoa dakika 30 tangu matokeo yatangazwe rasmi ili kupinga, ingawa mbio ndogo zinaweza kuwa na muda wake, na ndiyo sababu nyingine ya kusoma karatasi kabla.

1. Piga picha ubao wa matokeo, saa ionekane.
2. Mtafute mwamuzi mkuu, si mtangazaji wala mdhamini.
3. Sema kwa utulivu: "I want to protest the result." Kisha nafasi uliyoshika na sababu.
4. Omba jibu kwa maandishi. Ukikataliwa, uliza kama kuna kamati ya rufaa na ada yake ni kiasi gani.

Waandishi wa habari wakikuzunguka

Kifupi tu, kwa sababu vijana huogopa hapa kuliko kilomita ya 40. Kiswahili kinatumia "kushinda" kwa mbio na kwa mtu pia. Kiingereza kimegawa. Mbio unasema "I won the race". Mtu unasema "I beat him". Ukisema "I won him" watakuelewa, ila watacheka. Ukiwa wa pili sema "I came second", usione haya, kwani mbio kubwa hulipa hadi wa kumi na zaidi, na wanariadha wengi hujengea nyumba nafasi hizo. Na Kiswahili chako ni halali kabisa. Omba mkalimani mapema, waandaaji wakubwa huwa naye.

Usiku wa kuamkia mbio, weka alama

☐ Najua zawadi inafuata bunduki au chipu
☐ Nimesajiliwa kwenye kundi linaloshindania zawadi
☐ Jina la viatu vyangu limo kwenye orodha
☐ Sijameza dawa ambayo sijaiuliza
☐ Namba haijakunjwa, nyuma imejazwa
☐ Naijua meza ya maji ya kwanza iko kilomita ya ngapi
☐ Nakala ya mkataba iko nyumbani, si kwa wakala
☐ Nimeandika jina na namba ya simu ya mratibu wa wanariadha

Baada ya mbio

Kabla ya kuondoka, uliza kwa maandishi: hela italipwa lini, kwa nani, na majibu ya vipimo yanatoka lini. Ukiitwa kupimwa, nenda na kitambulisho, na usisaini fomu ya vipimo kabla hujahakiki kwamba namba za chupa zinafanana na zilizoandikwa kwenye fomu. Dawa zote ulizotumia siku saba zilizopita zitaje humo, hata Panadol. Nakala yako iweke bahasha moja na mkataba, kadi ya ndege na picha ya matokeo, na bahasha hiyo usiitupe hata hela ikishaingia. Kipyokei alipoteza ushindi wake mwaka mzima baada ya mbio, na ushindi ukaenda kwa Kiplagat aliyekuwa nyuma yake, kwa hiyo hata ukiwa wa pili karatasi zako ziwe sawa.